Mwache Achore Mbuzi

Jumamosi, 16 Machi 2024

Shule zimefungwa. Wizara ya Elimu na ya Afya zimetangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto wa kwenda darasani nchi nzima ya Sudan Kusini, kwa kuwa joto linatarajiwa kufika nyuzi 45. Wazazi wameonywa wasiwaache watoto wacheze juani, na shule itakayokutwa wazi itanyang'anywa usajili. Agizo ni la busara. Darasani kwangu juzi mtoto alizimia akiwa anasoma kwa sauti. Lakini hapa Gumbo, Juba, nyumba nyingi ni mabati kuanzia juu hadi chini, au turubai tupu, na ikifika saa saba mchana ndani hakukaliki. Watoto watazagaa barabarani wakitafuta kivuli chini ya matela ya malori yaliyoegeshwa jirani hapo Sherikat. Hilo linanitisha kuliko jua.

Mwarobaini wa uani kwetu una kivuli kipana. Makaa ninayo, mifuko mitupu ya simenti ninayo, na brashi za kazi yangu ya mabango zipo. Nimewaambia akina mama wa jirani: waleteni asubuhi, kabla jua halijakolea.

Jumatatu, 18 Machi

Wamekuja wengi, baadhi wamebeba wadogo zao mgongoni. Kwanza maji, kikombe kwa kila mmoja, halafu karatasi.

Karatasi yetu ni mfuko wa simenti. Nauchana pembeni, natenganisha matabaka. Lile lililogusa simenti nalitupa, maana vumbi lake linachoma macho na ngozi. Yanayobaki ni karatasi ya kahawia, ngumu, inayovumilia maji bila kukunjamana sana. Ina faida nyingine ambayo karatasi nyeupe haina: juu yake nyeupe inaonekana. Mtoto akipaka chaki jicho la ng'ombe, jicho linamtazama pale pale.

Sikutoa somo. Nilisema tu, chora unachotaka. Walinitazama, wamezoea mwalimu achore ubaoni, wao wanakili. Binti mmoja akauliza, "Ustaza, tuchore nini sasa?" Nikarudia yale yale. Mmoja akathubutu kuchora lori, na muda si mrefu uwanja ukajaa malori. Nawaelewa. Unga, mchele, vitunguu, karibu kila tunachokula kimepita kilomita 192 za lami kutoka Nimule mpakani kabla ya kufika sufuriani, na watoto hawa wanayajua malori hadi idadi ya matairi.

Mtoto mmoja hakuchora lori. Ana miaka tisa, labda kumi. Alichora mbuzi mmoja mkubwa katikati ya karatasi, pembe zimepinda nyuma, mkia juu. Akaigeuza karatasi, akachora mbuzi mwingine. Hakusema neno asubuhi nzima. Mama yake ameniambia jioni kwamba tangu wafike hapa kambini, katika eneo la misheni ya Don Bosco, huongea na dada yake peke yake.

Alhamisi, 21 Machi

Makaa yamewachosha, wanataka rangi. Rangi yangu ya mabango siwezi kuwapa; ni ya mafuta, inayeyushwa kwa tina, na mvuke wake katika joto hili unaumiza kichwa hata mtu mzima. Kwa hiyo tumejitengenezea zetu, na naandika hapa ili nisisahau vipimo.

Gundi kwanza. Jirani yangu, mama aliyekimbia vita vya Sudan mwaka jana, alikuwa na fungu la gundi ya mgunga kwenye mzigo wake. Miti hiyo hukwaruzwa gome wakati wa kiangazi, ikatoka utomvu unaokauka kuwa vibonge. Sudan imeiuzia dunia gundi hii kwa karne nyingi. Imo ndani ya soda, na imo ndani ya vile vidonge vya rangi ya maji wanavyotumia wachoraji wa Ulaya. Tumevitwanga vibonge, tukaviloweka usiku kucha kwa maji mara mbili yake, asubuhi tukachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Asali kidogo imeongezwa, rangi isipasuke ikikauka.

Kisha unga wa rangi. Nyeusi ni makaa yaliyosagwa. Nyekundu ni moramu ya barabarani iliyochekechwa mpaka ikawa laini. Nyeupe ni vipande vya chaki ya darasani. Njano ni manjano ya jikoni, ingawa nimewaambia ukweli kwamba jua litaifuta. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Kijani wakakipata wenyewe walipomwagiana njano na buluu, na kelele zilizopigwa hapo zimewaleta hadi wazee waliokuwa wanacheza karata ng'ambo ya ua.

Karkade, ile chai ya maua ya rozela, ndiyo iliyowashinda kuamini. Maji yake ni mekundu ya zambarau. Ukitia matone ya maji ya majivu, yanageuka mbele ya macho yako kuwa buluu, ukizidisha yanakwenda kijani. Walinifanya nirudie mpaka majivu yakaisha. Yule wa mbuzi alikuja akachuchumaa karibu kabisa na bakuli. Baadaye alichukua kijiti, akaongeza tone moja, akasubiri, akaongeza lingine. Tone la tatu hakutia. Alikuwa amepata rangi aliyoitaka na akaacha hapo. Nilitamani mama yake angekuwepo aone uso wake.

Jirani yangu alikaa nasi mpaka mwisho. Anatoka Milima ya Nuba. Ametusimulia kwamba kwa bibi yake ukuta wa ndani wa nyumba ulisuguliwa kwa kidole gumba na udongo fulani wenye madini meusi, siku baada ya siku, mpaka ukang'aa kibuluu. Alituonyesha kwa kidole chake, akisugua hewa kwa miduara midogo. Aliendelea kusugua hata baada ya kumaliza kusimulia.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Maandamano ya kanisani yalianza mapema kukwepa jua. Sina nguvu ya kuandika.

Jumatano, 27 Machi

Mgeni amekuja na kamera. Shirika lake silitaji. Mwenyewe ni mtu mwenye adabu, anasema Kiswahili cha Nairobi, na aliwaletea watoto penseli za rangi, jambo ninalomshukuru. Alizunguka akitazama picha, nikaona anatafuta kitu na hakioni. Malori, mpira, kanisa, ng'ombe, mama anasonga ugali. Mwisho akaniita pembeni.

"Mwalimu, ungewaambia wachore walichokiona wakati wa vita. Watu wa nje wanahitaji kuona. Na wao itawasaidia kuyatoa."

"Hapana, kaka. Siwaambii."

"Lakini yamo ndani yao."

"Yamo. Na funguo wanazo wao."

Hakukasirika, wala mimi. Lakini usiku huu nimekosa usingizi nikiendeleza maneno ambayo sikuyamaliza pale.

Nilichotaka kumwambia ni habari ya Friedl Dicker-Brandeis. Alikuwa mchoraji, Myahudi, amesoma Bauhaus huko Ujerumani. Wanazi walipomfungia katika kambi ya Theresienstadt mwishoni mwa 1942, alipakia vifaa vya kuchorea katika ule mzigo mdogo aliokubaliwa kubeba. Akafundisha watoto waliofungwa pamoja naye. Hakuwaambia wachore njaa na maiti walizoziona kila siku. Aliwafundisha mistari, mizani ya rangi, kukata na kubandika karatasi, kutazama ua kwenye gilasi. Wengi walichora nyumba walizotoka, vipepeo, meza iliyoandaliwa. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Michoro kama 4,500 ilibaki, imefichwa ndani ya masanduku mawili ya nguo. Dunia iliyoitazama baadaye haikuhitaji kuoneshwa bunduki ili ielewe waliokufa walikuwa nani.

Lakini lazima niwe mkweli na upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch walikuwa kwenye kambi za Chad wakiongea na wazazi waliokimbia Darfur. Waliwapa watoto karatasi na kreyoni wakae nazo wakati wakubwa wanaongea. Watoto wakachora, bila kuagizwa na mtu, ndege za Antonov zikidondosha mabomu, wapiganaji wa Janjaweed juu ya farasi na ngamia, nyumba za msonge zikiwaka. Miaka miwili baadaye shirika jingine, Waging Peace, lilikusanya michoro 500 kwenye kambi za huko Chad ikapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Kwa hiyo siwezi kusema watoto wasichore vita. Wale wa mwaka 2005 walikuwa na haki kamili ya kuchora Antonov, na hakuna mkubwa aliyestahili kuwanyang'anya kreyoni na kusema chora ua. Ninachokishikilia ni kimoja tu. Mtoto aliyepelekeshwa na vita hakuchagua chochote: hakuchagua usiku wa kukimbia, wala njia, wala turubai analolalia. Karatasi ni mahali ambapo kila kitu ni uamuzi wake. Nikimwambia achore vita, nimempelekesha tena, hata kama nia yangu ni njema. Yule mtoto anachora mbuzi. Mwache achore mbuzi.

Jumatano, 3 Aprili

Saa kumi na moja alfajiri. Hii ndiyo saa yangu, kabla ng'ambo ya mto haijaamka na foleni ya Daraja la Uhuru haijaanza kupiga honi.

Nachora madumu. Yale ya manjano ya mafuta ya kula, lita ishirini, yaliyopangwa foleni kwenye bomba la maji. Nimeyachora kwa muda mrefu sana sasa na bado sijayachoka. Mdogo wangu alikuwa anauza maji kwa baiskeli, madumu kila upande, akitembea sako kwa bako na baiskeli iliyoelemewa. Aliuawa Julai 2016, siku zile za mapigano mjini. Sijawahi kuchora uso wake. Nimejaribiwa na watu wanaonipenda wakisema itanisaidia, nikawaambia bado, na sasa siwaambii hata bado.

Nimejitahidi kuelewa kwa nini madumu yananituliza, na jibu ninaloliona ni hili. Nikishika brashi, swali linakuwa dogo. Kivuli kilicho chini ya dumu hili ni kahawia au kina buluu ndani yake? Nachanganya, najaribu pembeni, hapana, naongeza buluu kidogo, sasa ndiyo. Swali lile lina jibu na nimelipata kwa mkono wangu. Mengine yote niliyonayo, kwa nini yeye, kwa nini siku ile, nani alifyatua, hayana jibu na yatanimaliza nikiyakalia. Kwa saa moja akili yangu inafanya kazi inayoisha. Nikisimama, pumzi inafika chini tumboni, na siku naiweza.

Fundi wa mabango aliyenifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, Mkongo mmoja, alikuwa na kanuni moja: usipake koti la pili kabla la kwanza halijakauka. Tulidhani ni habari ya rangi ya mafuta peke yake. Yeye alikuwa amezika watoto.

Jumamosi, 13 Aprili

Shule zimefunguliwa, kwa hiyo watoto ni wa Jumamosi tu sasa. Nimewagawia gundi mpya, kisha nikaenda Sherikat kumalizia bango la duka la vipuri.

Rangi ya mabango ni ile ile ya mafuta inayong'aa, inayopakwa milango na baiskeli. Kila nikifungua kopo namkumbuka Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Hakusoma chuo. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na hadi leo kuna familia zinazokula kwa mtindo wake. Nimeona picha zake kwenye vitabu: chui mmoja, ndege mmoja, nyuma rangi moja iliyotulia. Anachora kiumbe kimoja na kukipa nafasi yote. Sasa nikitazama mbuzi wa yule mtoto, namwona huyo.

Dereva mmoja alisimama nyuma yangu muda mrefu. Mtu wa makamo, wa Mombasa. Nilimjua kwa salamu.

"Hujambo, dada? Kazi njema."

"Sijambo, kaka. Za safari?"

"Safari ni hiyo unayoiona. Gari limelala hapa, karatasi hazijatoka." Akanyamaza. "Wanitilia mnazi kwenye mlango? Mmoja tu."

Tulikubaliana bei. Nilichora shina, nikaanza makuti, akanikatiza kwa heshima: makuti ya mnazi hayalali hivyo, upepo wa kusi ukiyapiga yanaelekea upande mmoja. Nikampa brashi. Alisita, akaangalia kama wenzake wanamwona, halafu akapaka kuti la kwanza polepole mno, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akamaliza yote peke yake. Hata nazi aliziweka yeye, tatu, na moja inayoanguka.

Alipofuta mikono aliniambia, "Tangu Malaba sijapumua hivi." Sikumuuliza zaidi. Kwenye njia hii ya Nimule madereva wameuawa kwa kuviziwa. Mwaka 2021 waligoma kuvuka mpaka wakidai ulinzi. Wanakaa wiki mbali na nyumbani, wanalala ndani ya gari, na mwanamume wa umri wake hakuna mtu anayemuuliza kama analala usingizi. Pesa ya mnazi nilikataa kuichukua, kwa kuwa kazi aliifanya mwenyewe. Akaniachia kilo mbili za mchele.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nimemsindikiza jirani wa nyumba ya tatu hospitali. Hajalala wiki nzima. Anawasikia waliokufa wakimwita jina, na juzi alitoka usiku akielekea mtoni. Dada yake alinijia asubuhi akasema, "Mlete kwenye rangi zako, ustaza, labda atatulia." Nilimshika mkono nikamwambia hapana, huyu twende naye kwa daktari, leo.

Naandika hili kwa herufi kubwa moyoni. Napenda kazi hii kiasi kwamba ningependa iwe dawa ya kila kitu, na haiwi. Mtu anayesikia sauti, anayetaka kujidhuru, anayekataa chakula, anahitaji mganga aliyesomea, na dawa, na kitanda. Na kitanda hapa ni shida yenyewe. Ripoti ya Amnesty International ya 2016 kuhusu afya ya akili nchini mwetu ilihesabu vitanda 12 katika wodi ya wagonjwa wa akili ya Hospitali ya Mafunzo ya Juba, na madaktari bingwa wa akili wawili kwa nchi nzima. Wagonjwa wengine walifungiwa katika gereza kuu la Juba bila kosa lolote, kwa sababu ya ugonjwa tu. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanywa na chama cha wanasheria nchini pamoja na UNDP ulikuta watu 41 kati ya kila 100 waliohojiwa wana dalili za kiwewe cha vita. Weka tarakimu hizo mbili pamoja, vitanda 12 na watu 41 katika kila mia, na utaelewa kwa nini dada yake alikimbilia kwa mwalimu mwenye makopo ya rangi.

Katikati ya wale wanaohitaji kitanda na wale walio wazima kabisa kuna watu wengi sana. Wanapika, wanauza mkaa, wanapeleka watoto shule, na usiku wanatazama bati. Kwao hao nina imani na brashi, wala siyo imani ya kipofu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn, waliokusanya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, na hitimisho lao ni kwamba sanaa inasaidia kweli, kuzuia na kutibu, ikiwa bega kwa bega na huduma nyingine. Bega kwa bega. Hilo ndilo nililomwambia yule dada tukiwa benchini: akitoka hospitali, akitaka, mwarobaini upo.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imeshika. Rangi za maji hazikauki, kwa hiyo kamati ya wazazi imetupa ukuta mrefu ulio chini ya paa. Wamebishana asubuhi yote ni nini kichorwe. Vijana wanataka ujumbe wa amani wenye maneno makubwa, kama kuta walizopaka Ana Taban mjini. Kundi hilo lilianza mwaka 2016, wanamuziki, waigizaji na wachoraji waliochoka na vita, na jina lao ndilo hilo, nimechoka, kwa Kiarabu cha Juba. Naheshimu sana walichofanya. Kupaka ukuta hadharani Juba wakati ule kulitaka ushujaa.

Akina mama walitaka kitu kingine. Ghala la mtama. Karanga zinazoanikwa. Mmoja alisema, "Maneno tumeyasikia. Mimi nataka kupita hapa nione chakula." Wazee wakacheka, lakini mimi nilikuwa upande wake, nikawasimulia juu ya Elimo Njau. Mchagga wa Marangu, amesoma Makerere, ndiye aliyechora kuta za kanisa la mashahidi Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Damu ilikuwa bado mbichi pande zote. Yeye alichora maisha ya Yesu, kuzaliwa mpaka kusulubiwa, katikati ya mandhari ya pale pale, na watu weusi wa pale pale. Kila aliyefiwa aliweza kuingia na msiba wake bila mtu kumtaja jina la muuaji.

Kijana mmoja, mkali kidogo na mwenye akili, alipinga. "Tukinyamaza nani ataandika yaliyotupata?" Swali zuri, na sikuweza kulipuuza. Nikamtajia Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Yeye alichora historia nzima ya nchi yake, Kongo, mwaka 1973 na 1974, picha zaidi ya mia moja, wakoloni, Lumumba, vita vya Katanga, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili cha kwao mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kazi hiyo imo kitabuni hadi leo. Lakini Tshibumba aliamka mwenyewe akasema nitachora historia. Nikamwambia kijana, ukitaka kuwa yeye, nusu ya ukuta ni yako, na nitakuchanganyia rangi mimi. Amekubali. Ghala la mtama litakuwa nusu ya pili.

Jumamosi, 25 Mei

Mtu ametaka kununua picha kumi za mbuzi ili zipambe mgahawa wake ng'ambo ya mto. Ana nia nzuri na bei yake si mbaya. Nilimpeleka kwa mwenyewe, nikachuchumaa, nikamweleza kwa Kiarabu: huyu bwana anapenda mbuzi wako, anataka kuwachukua akupe hela, ukikataa hakuna atakayekasirika. Mama yake alikuwa amesimama karibu, na najua alihitaji zile hela.

Mtoto alipanga picha zote chini, akazitazama. Akatoa tatu, akampa. Nyingine akazikunja akazirudisha kwenye mfuko wake. Yule bwana akauliza kwa nini hizo tatu, nami nikamwomba asiulize. Alilipa vizuri. Mama alipokea hela kwa mikono miwili, akamshika mwanawe kichwani, naye akakubali kushikwa.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa akina mama watano wamenifuata hadi nyumbani, yule wa Nuba ndiye msemaji. Walizunguka zunguka maneno, wakaulizia afya yangu, mvua, bei ya sukari. Mwisho akasema, "Ustaza, watoto wana Jumamosi yao. Na sisi je?"

Sikuwa nimefikiria, na sijui kwa nini, wakati mimi mwenyewe najificha na madumu yangu kila alfajiri. Tumekubaliana Jumapili alasiri. Wameweka masharti yao na nimeyakubali yote: wanaume wasipite uani, watoto wachungwe na mabinti wakubwa, hakuna picha za simu. Yule anayetumia dawa alizoandikiwa hospitali atakuja pia. Dada yake anasema sasa analala, na daktari amesema akae na watu. Mmoja ameuliza kama anaweza kupaka bila kuchora kitu, rangi tu juu ya rangi. Nimemwambia ndiyo. Wa Nuba anataka ukuta, karatasi hazimtoshi. Ana udongo ambao ameuona kwenye kingo za mto na anadhani utang'aa ukisuguliwa.

Ya kufanya wiki hii: mifuko ya simenti, nimwambie fundi muashi anayejenga karibu na barabara aniwekee yote. Gundi imebaki kidogo, niulize soko la Konyo Konyo. Asali. Chaki nyeupe nyingi. Niende na mama wa Nuba mtoni Alhamisi, kabla maji hayajapanda.